Masikio ya Mwanamke wa Saruji

Ulikuwa mwaka ule mchele ulipopanda bei hadi watu wa wizarani wakajifunza kula uwele. Nawakumbuka, wanaume wazima wenye vitambulisho shingoni, wamepanga foleni kwa mama ntilie nyuma ya stendi, wanakula ugali wa uwele kwa mlenda. Mlenda una tabia yake. Usipojua kuukata kwa kidole, unavutika uzi kutoka bakulini hadi kwenye tai. Miaka yote walikuwa wanauita makamasi. Mwaka huo waliramba vidole. Mimi nilikuwa nikipita nasimama kidogo, naangalia, nacheka, naenda zangu.

Mwaka huohuo jiji likaamua kuitengeneza upya bustani ya zamani, ile yenye sanamu la maji.

Sanamu lenyewe ni mwanamke wa saruji, mrefu kuliko mtu, amesimama katikati ya bwawa la duara na mtungi kichwani. Zamani maji yalikuwa yanatoka mdomoni mwa mtungi, yanashuka mgongoni na mabegani, yanaangukia bwawani kwa kelele nzuri, na watoto wanatumbukiza miguu mpaka mlinzi awafukuze. Chini ya miguu yake kuna jiwe lililoandikwa kwamba hii ni kumbukumbu ya akina mama waliowachotea maji wajenzi wa mji mkuu. Maandishi yamefutika nusu. Jina halikuandikwa la mtu yeyote, lakini mwanamke huyo ni mimi. Watu wakisikia nikisema hivyo wanadhani najisifu. Najisifu kweli. Wewe ukichongwa na kusimamishwa mjini utakaa kimya?

Mwaka nilipochongwa nao ulikuwa na chakula chake. Tulikula unga wa njano wa msaada, tukiuita yanga, unanuka gunia hata ukiupika na maziwa. Mvua ilikuwa imetukimbia. Serikali imesema Dodoma ndiyo makao makuu, mafundi wamekuja kutoka kila upande, na zege halichanganywi kwa mate. Basi sisi wanawake ndio tulikuwa bomba. Tunakwenda kwenye korongo kavu, tunafukua mchanga kwa mikono na vibuyu mpaka maji yachuruzike, tunajaza, tunajitwisha, tunarudi. Mimi nilikuwa binti, darasa la tatu nimeliacha, shingo yangu ngumu. Nilikuwa natembea na mtungi kichwani bila kuushika, mikono inapiga makofi ya ngoma.

Bomba la kweli lilipofika, kazi yetu ikaisha siku moja kama mshumaa uliopulizwa. Ndipo mkubwa mmoja akasema wanawake hawa wasisahaulike, akaletwa mchongaji, mtu wa kusini, mpole, mwenye saruji hadi kwenye nyusi. Akatutazama tukipita, akaninyooshea kidole mimi. Mwenzangu mmoja, ambaye sasa anaishi Mpwapwa na hadi leo hajanisamehe, akasema palepale, "Amekupendea shingo ya mbuni hiyo." Nikamwambia, "Wewe amekuacha kwa sababu saruji ni ghali, isingekutosha."

Binti hawezi kushinda peke yake mbele ya mwanamume anayemtazama, hata kama ni kazi. Kwa hiyo bibi yangu, mama yake baba, alikuja nami kila siku, akaketi kwenye mfuko wa saruji na kiko chake. Yule fundi akanipima pua kwa uzi, akapima paji, akapima kidevu. Alipofika masikioni akasimama.

Lazima niyaeleze masikio yangu. Bibi ndiye aliyenitoga ndewe nikiwa mdogo, kwa mwiba wa mgunga, hapa chini penye nyama laini ya sikio. Kidonda kilipopona akapachika kijiti cha bua la mtama. Kikizoea, anakitoa, anapaka samli, anapachika kinene zaidi. Hivyo hivyo, miaka, mpaka ndewe zikafunguka duara safi, dole gumba linapita bila kugusa. Siku hizi ukiona hivyo unajua huyu ni bibi wa Kigogo. Enzi zile ulikuwa unajua tu kwamba huyu ana kwao.

"Haya sasa nayafanyaje?" mchongaji akauliza.

"Unayafanya yalivyo," bibi akamjibu.

"Yatavunjika, bibi. Saruji nyembamba."

"Basi fanya yasiyovunjika. Ukimwacha bila ndewe, watu watasema aliyechota maji alikuwa mgeni."

Akaweka waya ndani, akakandika saruji juu ya waya. Bibi akainuka, akapandishwa kwenye ngazi huku anamtukana anayemshika kiuno, akapitisha dole gumba lake kwenye saruji mbichi, sikio la kulia, kisha la kushoto, akazungusha taratibu kama alivyokuwa akinizungushia mimi. "Sasa ni mjukuu wangu," akasema, akashuka, akawasha kiko.

Hakuiona mvua iliyofuata. Picha hakupigwa hata moja. Kaburi lake lilikuwa shambani, na shamba sasa ni barabara ya lami yenye taa. Alichoacha duniani ni matundu. Mawili ninayo mimi, mawili anayo mwanamke wa saruji.

Sasa rudi kwenye mwaka wa mchele ghali. Mimi naishi Miyuji kwa binti yangu, ambaye ni mtu wa ofisi, anavaa viatu vinavyogonga. Mwaka huo tulikuwa tunaandaa sendofu ya binti yake, mjukuu wangu, mke mwenzangu ninavyomwita, kwa kuwa mchumba wake nimeshamtangazia kwamba tunaolewa wote wawili. Nyumba ilikuwa imejaa vitambaa vya rangi ya zabibu. Binti yangu alikuwa na wasiwasi wa kila kitu: maua, keki, wakwe, na masikio yangu.

"Mama," akaniambia jioni moja tukichambua mchicha, "kuna daktari hospitalini anashona ndewe. Ni kazi ndogo tu, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Wakwe wanatoka mbali, picha zitapigwa."

"Picha za bi harusi au za masikio yangu?"

"Watu wanaangalia, mama. Hata ofisini walishaniuliza."

"Waambie waje waangalie kwa karibu. Wapitishe kidole."

"Mama, mimi nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Ndewe zangu hazizibwi."

Mchicha akauchambua kama unamdai.

Haikupita wiki, akarudi kutoka kazini uso umekunjamana, akanipa simu yake bila hata kuvua viatu. "Tazama. Iko kwenye kundi la ofisini. Iko kila mahali."

Nikatazama. Ilikuwa bustani yetu, imezungushiwa mabati, na mafundi wanafanya majaribio. Mtu anasikika akihesabu, mwingine anafungua koki. Mtungi wa yule mwanamke ukabaki mkavu kabisa. Maji yakachomoka masikioni. Kulia yakaruka hadi kwenye kibanda cha mlinzi, kushoto yakamlowanisha mtu aliyevaa kofia ya njano. Mwanamke wa watu kageuka mashine ya kuoshea magari. Waliokuwa wanarekodi wakapiga kelele, na chini yake watu wameandika vichekesho wee.

Nilicheka mpaka kilemba kikadondoka. Mjukuu wangu naye akacheka, ameshika ukuta. Binti yangu hakucheka.

"Mnacheka! Wanasema jiji limeaibika, wakubwa wamekasirika. Kesho kutwa wanaziba yale matundu kwa saruji, yawe masikio ya kawaida, yaishe. Na mimi naona afadhali."

Hapo nikaokota kilemba changu. Kuziba? Lile ni dole gumba la bibi yangu. Mtu hana picha, hana kaburi, halafu unamzibia na hilo tundu lililobaki? Ukiwa na hasira ya kweli usiimalizie nyumbani.

Asubuhi ya siku ya kuziba nilivaa kaniki yangu nzuri, nikafunga kilemba juu ya masikio, maana asubuhi Dodoma upepo ni wembe, nikamwita mjukuu wangu anisindikize. Tulipofika, mabati yako wazi, bwawa limekaushwa, jukwaa la mbao limelizunguka sanamu hadi mabegani. Kijana mmoja mwenye kofia ya njano alikuwa anakoroga saruji laini kwenye ndoo.

"Shikamoo, bibi. Huku hairuhusiwi, kuna kazi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyepitisha maji masikioni?"

Akajikuna shingo. "Ni mimi, bibi. Mimi ndiye mhandisi. Bomba la mtungi limeganda chokaa, si unayajua maji ya hapa. Nikatafuta njia nyingine. Nikaona matundu mawili, mviringo safi, yanalingana, nikajua fundi wa zamani aliyaacha kwa ajili ya maji."

Mjukuu wangu akageukia mabati, mabega yanatikisika.

"Mtu wa wapi wewe?"

"Nimezaliwa Dar, bibi. Hapa nina miezi tu. Lakini baba ni wa Iringa."

"Iringa!" Nikapiga makofi. "Kumbe mtani! Ndiyo maana mbwa wangu leo kagoma kutoka nje. Roho yake ilijua mlaji wake amefika."

Uso ukamfunguka papo hapo. "Mwenye mbwa mnono hakosi wageni, bibi. Na ninyi Wagogo kwa kuomba! Leo umekuja kuomba nini? Bakuli umeliacha wapi?"

"Bakuli ni hili hapa," nikasema, nikanyanyua kaniki, nikavuka ukingo, nikaketi katikati ya lile bwawa kavu, miguu nimeinyoosha, mgongo nimeuegemeza kwenye jiwe chini ya miguu yangu mwenyewe ya saruji.

Mafundi wengine wakaacha kazi. Wale wa kwetu walielewa mara moja, wakaanza kuchekea mikononi. Mtani akikaa mahali, amekaa. Humburuti, humfokei, huiti polisi. Msibani mtani huingia kaburini akalala chali, na maiti akasubiri juu mpaka mtani aridhike. Kijana yule kakulia Dar, lakini aliyemlea ni baba wa Iringa. Niliona alivyoitazama ile ndoo, akanitazama mimi, akakaa kwenye ukingo kama mtu aliyepigwa chenga.

"Bibi, unanifanyia hivi kweli?"

"Nakufanyia. Weka koleo chini."

"Unataka nini ili utoke? Soda?"

"Soda lete, sikatai. Lakini kutoka sitoki. Toa mabomba yako masikioni, na hiyo saruji utafute pengine pa kuipaka. Ndewe zangu hazizibwi."

"Zako?" Akanitazama, akalitazama sanamu. Ndipo nikafungua kilemba.

Akaangalia sikio langu, akaangalia juu, akaangalia langu tena. Mmoja wa mafundi akasema, "Mhandisi, mama mwenye nyumba amerudi," wote wakaangua kicheko.

Simu yake ikalia, mkubwa wake. Nilisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, mzee... Saruji ipo tayari... Hapana, mzee, yupo bibi ndani ya bwawa... Siwezi kumtoa... Mzee, ni mtani wangu... Hapana, mzee, siyo utani, ni mtani." Akaiweka simu mbali na sikio mpaka kelele ziishe.

Mjukuu wangu naye alikuwa ameshampigia mama yake. Binti yangu akafika na gari la kazini, viatu vinagonga kwenye vigae, akanikuta nakula ubuyu na mafundi kwenye kivuli cha sanamu.

"Mama! Toka humo! Mkuu wangu anapita barabara hii!"

"Mkaribishe. Ubuyu upo."

"Mama, ni sanamu tu. Ni saruji."

Nikagundua kwamba sijawahi kumwambia. Miaka yote namwambia habari za korongo, za yanga, za mwenzangu wa Mpwapwa na shingo ya mbuni, lakini la dole gumba nilikuwa nalitunza mwenyewe kama kipande cha nyama cha mwisho. Nikamwambia hapo hapo, nimeketi chini, mbele ya watu: bibi yangu, mama yake baba, hakumtoga mwanamke huyu kwa mwiba, alimtoga kwa kidole, saruji ikiwa mbichi. Kama huamini, panda.

Sikutegemea apande. Ana sketi ya kubana, ana cheo. Akavua viatu akampa bi harusi, akashika ngazi. Mhandisi akamshikia chini huku amegeuza uso pembeni kwa adabu. Nilimwona binti yangu akiwa juu, ananing'inia kwenye shingo yangu ya saruji, ile ya ujana. Mabomba ya plastiki yalikuwa yamepita kwenye ndewe zote mbili. Akalichomoa la kulia mwenyewe. Akaingiza dole gumba. Akalizungusha.

Hata wale wa ubuyu wakainua macho.

"Kuna mfereji," akasema kutoka juu. Sauti ilikuwa ndogo. "Mfereji wa kidole. Dole langu limekaa kabisa."

"Utakosaje kukaa? Ni ukoo mmoja."

Akashuka. Hakusema samahani, kwetu mama na mtoto hawaombani samahani kama wanasiasa. Alikaa kwenye ukingo na miguu mitupu, akaniuliza, "Umekula kitu zaidi ya huo ubuyu?" Kisha akamgeukia mhandisi kwa ile sauti yake ya ofisini, ambayo siku hiyo niliipenda sana. "Hilo bomba la mtungi, haliwezekani kubadilishwa?"

"Linawezekana, mama. Ila ni kuchimba kutokea nyuma, kazi mara mbili. Na mkubwa amesema kuziba ni rahisi."

"Mpigie mkubwa wako, nitaongea naye mimi."

Akaongea naye pembeni, mkono mmoja kiunoni, huku bado hana viatu. Alipomaliza, kijana akaenda kuitazama ndoo yake. Akaisukuma kwa mguu. Koleo lilikuwa limesimama wima lenyewe.

"Bibi, saruji imeshakuwa jiwe."

"Na mimi nilikuwa njiani kuwa jiwe. Nishike mkono, mtani, magoti yamekufa ganzi."

Walichimba kutokea nyuma, wakapitisha bomba jipya. Kijana alikuwa akikwama ananipigia simu, si kwa ushauri, kwa kunichokoza tu: "Bibi, mbwa hajambo?" Namjibu, "Hajambo, amekonda makusudi."

Siku maji yalipofunguliwa nilikuwa mbele kabisa. Mwenzangu wa Mpwapwa alikuja kwa basi la asubuhi, na salamu yake, badala ya mbukwa yetu ya Kigogo, ilikuwa, "Shingo ya mbuni bado ipo, nilitumaini imevunjika." Koki ikafunguliwa. Kwanza ukatoka upepo, mtungi ukakoroma kama mzee aliyeamshwa. Kisha maji yakachungulia mdomoni mwa mtungi, yakajaa, yakafurika, yakashuka mgongoni kwangu. Upepo wa Dodoma ukayapeperusha mengine pembeni, na tone moja moja likawa linapita kwenye ndewe na kudondoka upande wa pili. Mtani alikuwa analia, akasema ni vumbi. Binti yangu akapiga picha nyingi, na zote amezilenga masikio. Akazituma kwenye kundi la ofisini. Sikuuliza wamejibu nini.

Siku iliyofuata, tukipima kitenge cha sendofu, nilidhani mambo yamekwisha. Fundi cherehani ananizungushia futi kifuani, mke mwenzangu anajigeuza kwenye kioo. Binti yangu ana pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Mama."

"Naam."

"La sanamu tumemaliza vizuri. Limependeza, sikatai. Wakwe nitawapeleka wakalione." Akanirekebishia bega la gauni, akajifanya anatafuta uzi. "Lakini yule ni wa kumbukumbu, anakaa bustanini. Wewe unakaa meza ya mbele. Yule daktari bado ana nafasi Alhamisi..."

Mjukuu wangu akaacha kujigeuza. Fundi cherehani akashusha futi. Nikajitazama kwenye kioo, gauni la rangi ya zabibu limenikaa, shingo iko wima, na kupitia sikio langu la kushoto niliona dirisha, na dirishani mwanga wa mchana.

"Ndewe zangu hazizibwi."